Deni la viti vya harusi: mahakama ipi?

Kwa swali lako la kumshtaki mteja aliyekodi viti na hema akabaki na deni la 380,000: hapo Kenya nenda Mahakama ya Madai Madogo, usihangaike na ile ya hakimu. Iliundwa kwa sheria ya 2016 na ikaanza kazi Milimani, Nairobi, 2021. Kikomo chake ni shilingi milioni moja, na kesi inafaa kuisha ndani ya siku 60. Foleni ipo, lakini bado ni afadhali kuliko kungoja miaka.

Si lazima uwe na wakili. Anayesikiliza ni mwamuzi, ambaye kisheria ni wakili mwenye uzoefu wa miaka mitatu au zaidi, na hafungwi na kanuni kali za ushahidi. Kwa hiyo chapisha zile meseji ambamo anakuambia "nitatuma Ijumaa", pamoja na risiti ya amana.

Migogoro ya umiliki wa ardhi, kuchafuliwa jina na mambo ya ajira kama mishahara hayaingii huko. Ukishindwa, rufaa ni Mahakama Kuu, tena kwa hoja za kisheria tu, kwa hiyo ushahidi wote upeleke mapema.