Unatafuta oda ya kwanza ya kuchora? Tafuta mtu mwenye tarehe

Wachoraji wanaoanza huniuliza watawapata wapi watu wanaopenda sanaa. Wapo, lakini wengi wao hawana haraka. Atakusifia, ataweka kopa jekundu kwenye picha yako Instagram, ataahidi kukutafuta mambo yakikaa sawa. Anayetoa hela ni mwenye tarehe: send-off ya mdogo wake ni wiki ijayo, bosi wake anastaafu mwisho wa mwezi, shule yake inafunguliwa Januari na kuta bado nyeupe.

Mimi hapa Dar nilianzia kwenye hizo kuta za chekechea. Wasanii hawapendi kuzitaja, ila pita Tabata, Kimara au Mbagala uone twiga, herufi na namba zilivyojaa kwenye majengo ya shule. Kila ukuta kuna mtu alilipwa. Mwenye shule anataka mzazi anayekuja kuandikisha mtoto akute pamependeza, kwa hiyo kazi hizi hutafutiwa watu Novemba na Desemba. Ukienda Februari utaambiwa uache namba. Nilikuwa naupiga picha ukuta wao nikiwa barabarani, narudi nyumbani nachora juu ya ile picha jinsi utakavyokuwa, kisha naingia getini na karatasi hiyo moja. Mwalimu mkuu akishaiona shule yake mwenyewe, maswali yanahamia kwenye bei.

Rangi anunue yeye. Mwandikie orodha aende nayo duka la vifaa vya ujenzi, wewe utoze ufundi na nauli. Hapo hamtagombana kuhusu kopo lililobaki, na akinunua rangi hafifu ataona mwenyewe inavyochujuka. Ukimaliza, omba ruhusa uandike jina na simu kwenye kona ya chini. Mzazi mwenye saluni atapita hapo kila asubuhi.

Kuwafuata watu waliotoka kwa shughuli nyingine ni mbinu ya zamani mjini hapa. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960, picha zake ziliuzwa nje ya Morogoro Stores, Oysterbay, ambako wageni walikwenda kununua mahitaji ya nyumbani. Hawakuwa wametoka kutafuta picha. Warithi wa mtindo wake bado wanauza eneo hilohilo.

Kwa picha za sura, usihangaike na bibi harusi. Fahamiana na mshereheshaji, mpambaji na mpiga picha, maana wao wanajua tarehe za watu miezi kabla. Mpambaji akikuletea mteja, mtumie kamisheni yake siku hiyohiyo bila kukumbushwa. Atakuletea mwingine.

Kuna oda nyingine inayohitaji utulivu, nayo ni picha ya marehemu. Mara nyingi familia ina kipicha kimoja cha kitambulisho, sura imekaza, mwanga mbaya. Ukinakili kile kipicha kama kilivyo watakwambia, "Huyu siye baba." Nami huomba picha za watoto wake na za ndugu zake wanaofanana naye, kisha namuuliza mjane alikuwa akicheka vipi. Mchoro wa penseli nawaonyesha mapema, kabla sijagusa rangi. Kazi hizi sipunguzi bei wala siipandishi, na sijawahi kuziweka mtandaoni bila idhini ya familia.

Advansi ni nusu, kwa kila mtu, shangazi akiwemo. Ndugu akisema "wewe chora tu, tutakutangaza", mwambie kwa upole, "Sawa dada, fremu nitakupunguzia, ila advansi ni ileile." Marekebisho yafanyike kwenye penseli, rangi ikishaingia, badiliko lina bei yake. Haya yote yaandikeni WhatsApp, hata kama mmekubaliana kwa mdomo, pamoja na tarehe ya kukabidhi na nani analipia bodaboda. Na mwombe picha halisi kutoka kwenye simu yake. Iliyokatwa kutoka kwenye status huwa imepoteza macho.

Majukwaa ya nje ya kuuza kazi mtandaoni sikukatazi, ila kwa anayeanza yanakula muda mwingi kabla ya kulipa. Ukijaribu, hakikisha kwanza hela itakufikiaje Tanzania, ndipo uanze kupakia kazi.

Unaanza na nani inategemea unasoma haya mwezi gani. Septemba na Oktoba, zunguka shule, kabla hazijaanza kutafuta mchoraji. Ramadhani na Kwaresima harusi hupungua, huo ni muda wa kuchora sampuli na kuwatembelea wapambaji, kwa sababu Idi na Pasaka zikipita shughuli zinafuatana kila wikiendi. Novemba kuna mahafali ya vyuo. Anza kuwauliza wazazi Oktoba, kabla hawajamaliza hela kwenye suti na keki.