Maswali Yenu ya Macho: Kompyuta Ikisoma Picha ya Jicho, Tuiamini?

SWALI: Shikamoo dokta. Sisi ni Watanzania tunaishi Kigali, baba ana kisukari miaka mingi sasa. Kliniki wamemwambia watampiga picha ya jicho alafu kompyuta ndo itasoma na kutoa majibu hapohapo. Mzee kagoma kabisa, anataka daktari, na tena anasema macho yake yako sawa tu, mbona gazeti anasoma. Tumwambieje?
Binti wa mzee, Kigali

JIBU: Marahaba mwanangu, msalimie sana mzee. Naanza na hilo la gazeti kwasababu ndo linaniumiza zaidi. Kisukari kikianza kuharibu retina, yani ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, mtu hasikii maumivu wala haoni ukungu, sukari inadhoofisha mishipa midogo ya damu, inavuja kidogokidogo, na yeye anaendelea na gazeti lake mpaka siku damu imemwagika ndani ya jicho au katikati ya retina pamevimba. Hapo ndo mbio za hospitali zinaanza, na laser na zile sindano za jicho zinasaidia zaidi kuokoa kilichobaki kuliko kurudisha kilichokwisha potea. Kwaio mwenye kisukari anachekiwa retina kila mwaka hata kama bado anatunga uzi kwenye sindano.

Sasa hio kompyuta. Mzee atakaa, ataweka kidevu kwenye kamera, taa za chumba zinazimwa ili mboni ipanuke, wengine wanatiwa matone, flashi inapiga jicho moja kisha la pili. Kwenye skrini retina inatokea na rangi ya chungwa, na duara lililopauka pale mshipa wa fahamu unapoanzia. Programu inatafuta vidoti vyekundu vya damu na madoa ya njano ya mafuta yaliyovuja. Ujuzi huo imeupata kwa kuonyeshwa picha nyingi mno ambazo madaktari walishazisoma, ile ya watafiti wa Google iliyotangazwa 2016 ilifundishwa kwa picha zaidi ya 128,000. Mzee akisema anataka daktari, mwambie macho ya madaktari ndo yaliyoifundisha hio mashine.

Inakosea? Ndio, inakosea. Marekani, Aprili 2018, mamlaka yao ya dawa na vifaa tiba, FDA, iliruhusu IDx-DR, programu ya kwanza ya akili mnemba kutoa jibu bila daktari kusoma picha. Ilijaribiwa kwa watu 900 wenye kisukari kwenye kliniki 10, katika kila 100 wenye tatizo ikawanasa kama 87, na katika kila 100 wasio na tatizo ikasema sawa kwa kama 90. Kuna watu iliwapita hapo, na hii ni sababu nyingine ya kupima kila mwaka bila kuruka.

Lakini mimi kinachonifanya niwaombe mumpeleke ni utafiti uliofanyika hapohapo Rwanda kwa wagonjwa 275. Waliopewa majibu ya mashine siku ileile, wakiambiwa waende kwa daktari wa macho walienda 51.5%, waliosubiri siku kadhaa picha zisomwe na mtu wakaenda 39.6%. Mtu akitoka na jibu mkononi anakwenda, akiambiwa tutakupigia simu anarudi shambani na mambo yanaishia hapo. Bado karibu nusu hawakufika, na mashine haina la kuwafanya, hapo ni nyie watoto kumshika mzee mkono.

Moja zaidi, mashine ikisema picha haisomeki isiwe sababu ya kurudi nyumbani. Thailand, Google walipopeleka programu yao kliniki, zaidi ya picha 1,800 zilipigwa na 21% zikakataliwa, kwasababu vyumba vingi vilikuwa na mwanga mwingi. Ombeni wazime taa, wasubiri kidogo, wapige tena, ikishindikana basi mzee aandikiwe kwenda kwa daktari wa macho.

SWALI: Mimi nina kisukari, nilipigwa picha hio ya kompyuta ikasema niko salama nirudi baada ya miezi 12. Mamangu alipofuka kwa presha ya macho. Sasa nimeshajua niko salama huko pia?
Mkaazi wa Likoni

JIBU: Hapana dada, tafadhali usikae na hilo jibu. Nyingi ya programu hizi zinatafuta kitu kimoja tu zilichofundishwa, yako imetafuta madhara ya kisukari, presha ya macho haikuulizwa. Wewe una mzazi aliyepofuka nayo, kwaio nenda upimwe presha yenyewe, daktari atazame mshipa wa fahamu na apime upana wa kuona kwako. Zipo zinazoangalia mengi, kule London hospitali ya macho ya Moorfields na kampuni ya akili mnemba ya DeepMind walionyesha 2018 programu inayosoma skani za OCT, yani picha za matabaka ya retina, za magonjwa zaidi ya 50, lakini hio sio uliyopimwa wewe. Nenda mwezi huu.

SWALI: Mwalimu hapa, shule ya msingi. Nasikia naweza kupima macho ya watoto kwa simu, ni kweli au ni matangazo?
Mwalimu, Bungoma

JIBU: Ni kweli mwalimu, na ilijaribiwa kwa majirani zako Trans Nzoia, shule 50. Programu inaitwa Peek, hio sio akili mnemba, ni herufi E inayogeuzwa huku na huku kwenye skrini, mtoto anaonyesha kwa mkono imeelekea wapi na wewe unatelezesha kidole upande huohuo bila kutazama E. Walimu walifundishwa wakaiweza. Kilichonifurahisha mimi ni kwamba mzazi alionyeshwa picha ya jinsi mwanawe anavyoona ubao, alafu akatumiwa meseji za kumkumbusha. Katika kila watoto 100 walioambiwa waende hospitali, wa Peek walifika 54, wa chati ya kawaida 22. Ongea kwanza na kitengo cha macho cha hospitali ya kaunti, wakubali kupokea watoto utakaowatuma, maana ukigundua mtoto haoni ubao na hakuna pa kumpeleka utakuwa umemtia hofu bure mzazi.