El Niño Ikitangazwa, Usiishie kwenye Jina

Msomaji ameandika kwa uchungu: walitangaziwa El Niño, yaani joto lisilo la kawaida la maji ya Pasifiki ambalo mara nyingi huongeza mvua zetu, akazibua mifereji na kuhamisha ghala, kisha mvua ikawa ya kawaida tu. Anauliza kama wataalamu wa hali ya hewa wanabahatisha. Hawabahatishi, na inauma kuona kazi yao ikidharauliwa na watu waliosoma kichwa cha habari pekee.

Anza na joto la maji. Eneo linalopimwa huitwa Niño 3.4, katikati ya Pasifiki, kati ya latitudo 5 kaskazini na 5 kusini, longitudo 120 hadi 170 magharibi. Maji ya juu yakizidi wastani kwa nyuzijoto 0.5, El Niño huanza kutajwa. Yakipungua kwa kiasi hicho, ni La Niña. Usihangaike na joto la wiki moja. Soma wastani wa miezi 3.

Hata hivyo, maji peke yake hayatoshi, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Kwa kawaida pepo za ikweta huvuma kuelekea magharibi na kurundika maji ya moto upande wa Indonesia, hata usawa wa bahari huko ukawa juu kwa takriban nusu mita kuliko pwani ya Peru. Pepo zikilegea, joto hilo husafiri mashariki chini ya uso wa bahari, safari ya miezi 2 hadi 3. Mawingu ya mvua nayo huhama: Indonesia na Australia hukauka, pwani ya Peru hufurika. Mawingu yakishahama, pepo huzidi kulegea na maji huzidi kupata joto. Hewa isipoitika, El Niño hufifia. Mapema 2014 maji mengi ya moto yalivuka namna hiyo, ikatarajiwa El Niño kubwa. Pepo hazikuitika, na ile kubwa ikaja 2015. Ndiyo maana lazima uangalie pia tofauti ya mgandamizo wa hewa kati ya Tahiti, kisiwa cha katikati ya Pasifiki, na Darwin, kaskazini mwa Australia. Kipimo hicho kikibaki hasi miezi kadhaa, yaani mgandamizo wa Tahiti ukiwa chini kuliko kawaida ukilinganishwa na wa Darwin, hewa imeungana na bahari.

Utabiri wa El Niño unaotolewa kati ya Machi na Mei ndio dhaifu kuliko wote. Ukiweza, subiri unaotolewa Juni au Julai.

Kwa mvua za vuli za Afrika Mashariki, tazama pia Bahari ya Hindi. Maji ya magharibi yakiwa na joto kuliko kawaida na ya karibu na kisiwa cha Sumatra, Indonesia, yakapoa, mvua huongezeka. Mwaka 1997 bahari zote mbili zilisukuma upande mmoja, mafuriko yakawa makubwa. Mwaka 2015 El Niño ilikuwa kali sana, lakini Bahari ya Hindi haikuitika kwa nguvu ile, na mvua haikufikia ya 1997. Mwaka 2019 Pasifiki ilikuwa imetulia, lakini mafuriko yakaja kwa nguvu ya Bahari ya Hindi. Anayekuambia El Niño bila kutaja Bahari ya Hindi amekupa nusu ya habari. Mdai nusu ya pili!

Mwisho, soma asilimia. Utabiri wa 50 juu ya wastani, 30 wastani na 20 chini ya wastani unamaanisha misimu 2 kati ya 10 ya namna hiyo itakuwa mikavu. Chagua mbegu kwa utabiri wa msimu. Siku ya kupanda ichague kwa utabiri wa siku 10.