Anza na jina: kusoma matamko ya pointa za funksheni katika C

Ukikutana na mstari huu wa maktaba ya kawaida ya C, lugha ya kuandikia programu, usiusome kutoka kushoto kwenda kulia:

`void (*signal(int sig, void (*func)(int)))(int);`

Utapotea kabla hujafika katikati. Matamko ya namna hii, yaani mistari inayoeleza jina fulani ni kitu cha aina gani, nayasoma sana kazini, na njia ninayoiamini ni moja: tafuta jina, anzia hapo, tazama kulia kwanza, kisha kushoto. Bano likikuzuia kulia, geuka kushoto. Ukimaliza kilichomo ndani, toka nje uanze tena kulia.

Tujaribu. Jina ni `signal`. Kulia kwake kuna mabano yenye vigezo, kwa hiyo hii ni funksheni. Vigezo viweke kando kwanza. Baada yake bano linafungwa. Geuka kushoto, unakuta kinyota: inarudisha pointa, yaani anwani ya kitu kwenye kumbukumbu. Toka nje. Kulia kuna `(int)`: pointa hiyo ni ya funksheni inayopokea int, yaani namba kamili. Kushoto kabisa kuna `void`: hairudishi kitu. Sasa irudie `func` kwa njia ileile, utapata pointa ya funksheni inayopokea int bila kurudisha kitu. Kumbe kinachoingia na kinachotoka ni aina moja! Na ndivyo inavyofaa, maana unaipa `signal` kishughulikiaji kipya, yaani funksheni ya kuitwa ishara ikifika, nayo inakurudishia cha zamani.

Kulia hutangulia kwa sababu `()` ya funksheni na `[]` ya safu hushika jina kwa nguvu kuliko kinyota. Ndiyo maana `int *f(int)` ni funksheni inayorudisha pointa, ilhali `int (*f)(int)` ni pointa ya funksheni. Dennis Ritchie, aliyeiunda C, alitaka tamko lifanane na matumizi: andika `(*f)(3)`, unapata int.

Soma kwa sauti, tena kwa Kiswahili. Ukijisikia unasema "funksheni inayorudisha funksheni" au "safu ya funksheni", anza upya. C hairuhusu vitu hivyo. Lazima kuna pointa umeiruka.

Ukiandika tamko lako mwenyewe, tafadhali wahurumie watakaolisoma, ipe aina hiyo jina kwa `typedef`:

`typedef void (*kishughulikiaji)(int);`
`kishughulikiaji signal(int sig, kishughulikiaji func);`

Maana ni ileile. Na ukiwa na shaka, ipo programu iitwayo `cdecl`: unaipa tamko, inakueleza kwa maneno. Lisome mwenyewe kwanza, ndipo ulinganishe.