Muunganisho na GitHub umebaki PENDING (unasubiri): nimekosea wapi?

Swali: Mhandisi, nimepewa kazi ya kuunganisha akaunti ya AWS (huduma za wingu za Amazon) ya kampuni yetu hapa Kilimani, Nairobi, na hifadhi za msimbo tulizonazo GitHub. Nilipitia API (njia ya programu kuagizana), na amri ya create-connection ikanirudishia ARN, yaani utambulisho wa muunganisho, bila kosa lolote. Hata hivyo, CodePipeline, huduma ya AWS ya kujenga na kusambaza programu, inakataa kuvuta msimbo, na muunganisho wenyewe unaonyesha PENDING. Je, kuna kigezo nilichosahau, au nitumie tu tokeni yangu binafsi ya GitHub (ufunguo wa kuingilia badala ya nenosiri)?

Jibu: Hujasahau kigezo chochote. Muunganisho wowote wa GitHub unaoundwa kwa API, kwa mstari wa amri au kwa CloudFormation (faili za AWS za kuunda rasilimali) huzaliwa ukiwa PENDING, na hakuna wito wa API utakaouondoa hapo, kwa sababu hatua iliyobaki ni idhini ya binadamu anayeingia GitHub kwa kivinjari na kukubali. Wakala anaweza kukuandalia karatasi zote za kuuza kiwanja cha Kitengela, lakini sahihi ni ya mwenye kiwanja.

Fungua konsoli ya AWS katika ukanda (region) uleule uliotumia kwenye amri, uingie Developer Tools, kisha Settings, kisha Connections. Chagua muunganisho wako na ubonyeze Update pending connection. Litafunguka dirisha dogo (kama halionekani, huenda kivinjari chako kimelizuia) ambamo utaidhinisha na kuweka programu ya AWS Connector for GitHub kwenye akaunti ya shirika lenu. Utakapoulizwa ni hifadhi zipi programu hiyo izifikie, chagua zile tu mnazozihitaji, hata kama kuruhusu zote kunaonekana rahisi zaidi. Ukimaliza, endesha amri ya get-connection uone hali ya muunganisho. Inapaswa kuwa AVAILABLE (uko tayari).

Wengi hukwama kwenye suala la nani anayebonyeza. Anayekamilisha hatua hii anahitaji ruhusa AWS na, upande wa pili, awe mmiliki wa shirika katika GitHub. Asipokuwa mmiliki, ombi lake litasubiri kuidhinishwa. Katika kampuni ndogo, mmiliki huyo mara nyingi ni mtengenezaji programu wa kwanza, ambaye pengine alikwisha kuhamia kazi nyingine, kwa hiyo hakikisheni mapema ni nani anayeshika akaunti hiyo.

Kuhusu tokeni binafsi, nakushauri usiitumie. Tokeni ya aina ya zamani yenye ruhusa ya repo hufungua kila hifadhi unayoweza kuifikia wewe, zikiwemo zisizohusiana na mradi huu, na siku utakapoondolewa kwenye shirika, kazi zote zinazoitegemea zitasimama. Programu iliyowekwa kwenye akaunti ya shirika haitegemei ajira yako, na tokeni ambazo GitHub huitolea huisha muda wake baada ya saa 1, hivyo hata moja ikivuja, madhara yake yana mpaka.

Muunganisho ukiwa AVAILABLE na CodePipeline bado ikalalamika, kagua kwanza ruhusa ya UseConnection (ya kutumia muunganisho) katika role, yaani utambulisho wenye ruhusa, inayotumiwa na CodePipeline. Huduma ya miunganisho ya AWS ilibadilishwa jina mwaka 2024 kutoka CodeStar Connections kuwa CodeConnections, na miunganisho ya zamani ilibaki na kiambishi cha awali cha codestar-connections katika ARN zake, wakati mipya hubeba codeconnections. Sera ya ruhusa iliyonakiliwa kutoka kwenye mwongozo wa zamani inaweza basi kutoa ruhusa kwa jina lisilolingana na ARN yako. Kisha kagua FullRepositoryId, jina kamili la hifadhi katika mipangilio ya CodePipeline, ambayo huandikwa kwa mtindo wa jina-la-shirika/jina-la-hifadhi na hutofautisha herufi kubwa na ndogo. Ni salama zaidi kuinakili kutoka GitHub kuliko kuiandika kwa kukumbuka.