Kidato cha kwanza hawafungui mdomo? Anzia sokoni Mwaloni

Mwalimu wa Sengerema, umesema una wanafunzi 90 wasiothubutu kusema Kiingereza, na semina hujaitwa tangu uajiriwe.

Kimya chao kisikutishe. Shule ya msingi walisoma karibu kila somo kwa Kiswahili. Sasa hata baiolojia ni Kiingereza. Nani asingenyamaza?

Jaribu imla ya mbio. Andika aya fupi ya Kiingereza kuhusu soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza: bei, kilo, mchuuzi anayebisha. Ibandike ukutani, kisha wagawe wawili wawili. Mmoja akimbie ukutani, asome sentensi, arudi amtamkie mwenzake aandike, katikati wabadilishane. Kwa idadi yako bandika nakala nyingi, hata kwenye miti ya nje, la sivyo watakanyagana. Kelele zitakuwepo, kwa hiyo mtaarifu mkuu wa shule mapema (wengine wakisikia kelele hudhani mwalimu hayupo). Wakati wanakimbia usisahihishe. Andika makosa pembeni, mwishoni shughulikia mawili matatu tu. Wakizoea, aya watunge wenyewe.

Kuhusu semina, usingoje barua. MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) inataka walimu wajifunze pamoja hapohapo shuleni. Kaa na mwenzako wa Kiingereza, akutazame ukifundisha, nawe umtazame, kisha mwambiane ukweli. Tovuti ya TeachingEnglish ya British Council ina shughuli za bure. Pakua ukiwa na bando. Imla ifanye Jumatatu, kabla hujaanza kusita.