Ukichoka kuitikia "Amina"

Wapo watakaokuambia kwamba imani ikipoa, dawa ni kufunga zaidi na kukesha zaidi. Sisi tulifunga. Kaka yangu alipougua figo, ndugu walikesha kwenye maombi, akapakwa mafuta ya upako, tukaambiwa tutamke uponyaji na tusiutaje ugonjwa. Akafariki. Msibani mtumishi mmoja alisema kazi ya Mungu haina makosa. Mwingine akanivuta pembeni kuniuliza kama ukoo wetu una madhabahu ya mizimu. Sikujua nimwamini nani. Kwa muda mrefu nilienda ibadani ili tu mama asiulize maswali.

Kilichonirudisha ni Zaburi, tena zile ambazo hazisomwi kwenye mkesha wa mwaka mpya. Zaburi ya 13 inamuuliza Mungu "hata lini" mara nne ndani ya aya mbili za kwanza. Ya 88 ni kali zaidi: mwombaji analia mchana na usiku, na zaburi inaishia gizani, bila ile "lakini nitamsifu" tuliyoizoea. Na bado imo kwenye Biblia, tena imeandikwa iimbwe! Nilishusha pumzi. Kumbe kumlalamikia Mungu nako ni kusali. Aliyeacha kumwamini angemlalamikia nani?

Kwa hiyo wewe uliyevunjika moyo, usijilazimishe kutoa ushuhuda. Soma zaburi moja kwa sauti, hata kama husikii chochote moyoni, halafu endelea kwa maneno yako mwenyewe, machungu kama yalivyo.

Kisha ule, ulale. Sitanii. Katika 1 Wafalme 19 nabii Eliya yuko chini ya mti wa mretemu akiomba afe, na malaika hamkemei wala hamhubirii. Anamlisha mkate na maji, anamwacha alale, anamlisha tena. Mazungumzo na Mungu yanakuja baadaye, kule kwenye mlima Horebu. Usingizi ukigoma kwa wiki kadhaa, nenda hospitali; kumwona daktari si kumkana Mungu.

Jumuiya usiiache. Mimi nilikuwa nakaa mwisho wa mkeka, kimya, akina mama wakiimba, na hakuna aliyenidai maelezo. Imani haikurudi kwa kishindo: Pasaka moja nilishtukia tu naimba sauti ya pili, na ninachokiimba nakiamini. Swali la kifo cha kaka bado ninalo, na Mungu huwa namuuliza.

Kuhusu washauri, anayetaka "upande mbegu", yaani utoe pesa, ndipo akuombee, au anayesema marehemu alipungukiwa imani, muage kwa heshima. Wale wanafunzi wawili waliokuwa njiani kwenda Emau baada ya Yesu kusulubiwa walimwambia Yesu mwenyewe, bila kumtambua, kwamba "tulikuwa tukitumaini". Ni kweli aliwakemea, lakini kwanza aliwauliza, akawasikiliza mpaka mwisho, akatembea nao hadi kijijini. Mtafute wa namna hiyo. Kwetu nilimpata kwa mzee wa kanisa mmoja ambaye hata kipaza sauti huwa hapewi.